Fedha ya Ijumaa inayojitokeza Jumapili: oda za mezani na bili za kaunta katika mfumo wa mauzo

Swali: "Nina baa na mgahawa mjini Morogoro, meza 22 ndani na bustanini, pamoja na kaunta yenye viti virefu 8. Miezi mitano iliyopita tuliacha daftari tukafunga mfumo wa mauzo wenye tableti 3 na printa 2, moja jikoni na moja kaunta. Kila saa 6 usiku mfumo unatoa ripoti ya mauzo wenyewe, meneja anahesabu fedha taslimu na za simu na kuzifungia. Kinachoingia baada ya hapo mpaka tunapofunga saa 8 kinahesabiwa pamoja na siku inayofuata. Hesabu hazikubali. Wiki iliyopita Ijumaa ilipungua shilingi 210,000, Jumamosi 25,000, Jumatatu hadi Alhamisi jumla 35,000, lakini Jumapili ikazidi 140,000. Vinywaji vya stoo na kaunta vinalingana na mfumo karibu kabisa. Upungufu wa kila siku ninawakata wahudumu wa zamu, na wawili wameshaacha kazi. Wateja wetu huanzia kaunta wakahamia mezani, hununuliana raundi, na wapo 9 wa kudumu ambao bili zao ziko wazi tangu mwezi uliopita. Je, mfumo ni mbovu, tununue mwingine? Au nimlazimishe kila mteja alipe kwanza?"

Jibu: Ndugu msomaji, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu limerudi kwenye jambo moja ambalo umelitaja kwa kupita tu, kwamba Jumapili fedha ilizidi shilingi 140,000. Mwizi harudishi alichochukua Ijumaa ikifika Jumapili. Fedha inayopungua siku moja na kuzidi siku mbili baadaye, kwa sehemu kubwa, ni fedha iliyohesabiwa katika siku isiyo yake. Tuanzie hapo, kwa sababu ukiielewa hiyo 140,000 utakuwa umeielewa zaidi ya nusu ya kazi ya mfumo ulionao.

Wasiwasi wako, kama nilivyouelewa, ni wa namna mbili: kwamba ama umeuziwa programu mbovu, ama umeajiri watu wasio waaminifu. Kwa ushahidi ulionipa, sioni sababu ya kuamini la kwanza, na la pili huwezi kulijua bado, kwa kuwa kipimo unachokitumia kimewekwa mahali pasipofaa.

Mauzo ya dukani hutokea kwa tukio moja: mteja anachukua sukari, analipa, anaondoka. Mauzo ya baa hugawanyika katika matukio mawili yaliyotenganishwa na saa nyingi, yaani kinywaji kinatoka saa 2 usiku na fedha yake inaingia saa 7. Katikati ya matukio hayo kuna kitu kinachoitwa bili iliyo wazi. Mashine za kuhesabu mauzo zilianzia kwenye baa hasa: mwaka 1879 James Ritty, aliyekuwa na baa yake katika mji wa Dayton, Ohio, nchini Marekani, alisajili hataza ya mashine hiyo pamoja na ndugu yake John, akiwa amechoshwa na fedha zilizokuwa zikipotea mikononi mwa wahudumu wake. Lakini mashine ya Ritty ilihesabu fedha pale inapopokelewa tu. Ahadi ya kulipa baadaye haikuwa na mahali ndani yake, na kwa miaka mingi ahadi hiyo iliendelea kukaa kwenye vipande vya karatasi na vichwani mwa wahudumu. Mfumo wako una mahali pa kuiweka. Tatizo ni kwamba ripoti ya saa 6 usiku inaisoma ahadi hiyo kana kwamba imeshakuwa fedha.

Mifumo hutofautiana katika jambo hili. Mingine huandika mauzo pale oda inapotumwa jikoni au kaunta, mingine pale bili inapolipwa na kufungwa, na mingine hutoa ripoti za aina zote mbili zenye majina yanayokaribiana mno. Ili ujue wa kwako uko upande gani, fanya jaribio la soda moja. Asubuhi kabla wateja hawajaja, fungua bili, weka soda moja, tuma oda, usilipe, kisha itazame ile ripoti inayotoka saa 6 usiku. Kama soda hiyo imeshahesabiwa kuwa mauzo, basi ripoti yako inafuata oda, na kila bili iliyo wazi saa 6 usiku itaonekana kama upungufu hata kama mwenye bili ameketi pale pale akimalizia chupa yake. Jaribio likiisha, lipa soda hiyo uifunge bili, usiiache ikielea.

Ninaamini utakuta hivyo, maana takwimu zako zinasema hivyo. Ijumaa saa 6 usiku baa imejaa na bili nyingi ziko wazi, kwa hiyo ripoti inahesabu vinywaji ambavyo havijalipiwa. Fedha yake inaingia kati ya saa 6 na saa 8, nawe unaihesabu na ya Jumamosi. Jumamosi inapokea masalia ya Ijumaa na kuacha masalia yake kwa Jumapili, ndiyo maana upungufu wake unaonekana mdogo. Jumapili watu wanaondoka mapema, haiachi kitu cha maana, lakini imepokea masalia ya Jumamosi, hivyo inazidi. Ukijumlisha wiki nzima, 210,000 na 25,000 na 35,000 ni 270,000 zilizopungua. Ukitoa 140,000 zilizozidi, pengo halisi la wiki ni shilingi 130,000. Hiyo ndiyo namba ya kutafutiwa maelezo.

Hapa nitasema wazi jambo ambalo huenda litakuumiza. Umewakata wahudumu wako 270,000 kwa pengo ambalo halikuzidi 130,000, na hiyo 130,000 yenyewe hatujui ilipotelea wapi. Naomba uwarudishie kilichozidi, uwaeleze mbele ya wote kosa lilikuwa nini, na uwatafute wale wawili walioacha kazi uwape haki yao. Mhudumu anayelipwa mshahara mdogo na kukatwa shoti asiyoielewa hufikia mahali akajifidia mwenyewe, na hapo unakuwa umeutengeneza wizi ambao haukuwapo. Sheria nayo haikuruhusu kufanya hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, inakubali makato kwa ajili ya hasara pale tu hasara hiyo imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, naye ameelezwa kwa maandishi sababu na kiasi, amepewa nafasi ya kujitetea, na makato yote kwa jumla hayazidi robo ya ujira wake. Kuchukua upungufu wa usiku mmoja na kuugawa sawa kwa kila aliyekuwa zamu hakutimizi hata sharti la kwanza.

Marekebisho ya kwanza ni mepesi. Ingia kwenye mipangilio ya mfumo, utafute saa ya kubadilisha siku ya biashara, uiondoe saa 6 usiku uiweke saa 11 alfajiri, wakati ambao hakuna mteja aliyebaki. Hesabu ya fedha ifanyike mara moja, baada ya bili ya mwisho kufungwa. Kama programu yako haina mpangilio huo, meneja aitoe ripoti mwenyewe kwa kuchagua kipindi cha saa 11 alfajiri hadi saa 11 alfajiri. Wapo watakaokuambia kwamba kuhesabu fedha saa 8 usiku ni hatari, na wanasema kweli. Basi fedha ya mpaka saa 6 na ifungiwe kwenye bahasha yenye kiasi na sahihi, lakini isilinganishwe na mauzo mpaka bahasha ya pili iwe imeungana nayo.

Sasa tuitazame hiyo 130,000. Mali na fedha za baa hupita vituo vinne: kilichotoka stoo na kaunta, kilichoandikwa kuwa oda, kilichorekodiwa kuwa kimelipwa, na fedha iliyopo mkononi na kwenye simu. Pengo kati ya kituo cha kwanza na cha pili lina maana ya vinywaji vinavyotoka bila oda. Pengo kati ya cha pili na cha tatu liko kwenye bili zilizo wazi, zilizofutwa au zilizopunguzwa bei. Pengo kati ya cha tatu na cha nne ndilo pengo la fedha yenyewe. Wenye baa wengi hulinganisha kituo cha pili na cha nne, wakaruka katikati, halafu wakamlaumu aliyekuwa karibu. Wewe umesema vinywaji vinalingana na mfumo, na hiyo ni habari njema kuliko unavyodhani: maana yake mtu wako wa kaunta hatoi chupa bila tiketi ya oda, nidhamu ambayo baa nyingi zinaihangaikia kwa miaka. (Hakikisha tu kwamba pombe kali zinahesabiwa kwa toti na sio kwa chupa, kwa kipimo cha mililita 30, chupa ya mililita 750 hutoa toti 25, na chupa iliyoanzwa ikihesabiwa kama nzima inaficha mengi.) Kwa hiyo kazi yako iko kwenye kituo cha pili hadi cha nne, na sehemu kubwa yake inahusu bili zinavyofunguliwa, zinavyohamishwa na zinavyofungwa.

Kosa ninalolikuta karibu kila mahali ni kudhani kwamba meza ndiyo mteja. Ukiutazama mchoro wa meza kwenye tableti unaona meza namba 7 imegeuka rangi, nawe unasema "meza 7 inadaiwa". Meza haidaiwi. Anayedaiwa ni mtu, au kundi la watu waliokubaliana kulipa pamoja, na deni lao limeandikwa kwenye bili. Meza ni anwani tu ya mahali bili hiyo ilipo kwa sasa. Meza moja yaweza kuwa na bili tatu, na bili moja yaweza kupita kaunta, bustani na ndani kwa usiku mmoja. Wahudumu wakilielewa hili, nusu ya maswali yao yanajijibu.

Mteja anayeanzia kaunta afunguliwe bili tangu kinywaji cha kwanza, kwa jina lake. Asipotaka kutaja jina, kwa alama ya kumtambua kama vile "kofia ya bluu". Alama hiyo iwe ya heshima, kwa sababu itachapishwa juu ya bili na atakabidhiwa mkononi. Nimewahi kumwona mteja akirudishiwa bili yenye sifa ya mwili wake, na hakurudi tena pale. Anapohamia mezani, bili ihamishwe kwa kitendo cha kuhamisha kilichomo kwenye mfumo. Mhudumu asifungue bili mpya mezani akiacha ile ya kaunta inaelea, kwa kuwa hapo ndipo zinapozaliwa bili zisizo na mwenyewe: mteja ataletewa bili ya meza, atalipa kwa nia njema kabisa, ataondoka, na bia zake mbili za kaunta zitabaki wazi mpaka mtu akatwe mshahara. Ninashuku kwamba sehemu ya hiyo 130,000 ni bili za namna hii. Unaweza kuthibitisha leo: tafuta bili zilizo wazi ambazo zilifunguliwa kaunta, zina kinywaji kimoja hadi vitatu, na hazikuguswa tena baada ya nusu saa.

Kuhamisha bili kuna upande wa pili, nao ni mhudumu. Kila bili iwe na mhudumu mmoja anayeimiliki kwa wakati mmoja, na inapohama kutoka kwa mtu wa kaunta kwenda kwa mhudumu wa bustani, anayepokea aikubali kwenye tableti kwa nywila yake mwenyewe. Nywila ya pamoja, ambayo wahudumu wote wanaijua, inaua kila kumbukumbu ambayo mfumo ungeweza kukupa. Vivyo hivyo anapotoka zamu: akabidhi bili zake zilizo wazi moja moja, mpokeaji akihakikisha kwa macho kwamba mteja yupo kwenye meza husika. Hili huchukua dakika chache tu.

Raundi zinasumbua zaidi, nami sitakudanganya kwamba kuna kitufe kinachozimaliza. Tuseme watu 6 wamekaa pamoja, wameagiza kilo 2 za nyama choma na ndizi, kila mmoja anakunywa chake, na katikati ya mpira mmoja wao anasimama kusema raundi hii ni yake. Mfumo unaweza kugawa bili mwishoni kwa vitu au kwa kiasi sawa, lakini kugawa saa 7 usiku watu wakiwa wamechangamka ni kukaribisha ugomvi. Ninachopendekeza ni kuuliza mwanzoni, kwa swali moja la adabu: "Bili iwe moja au kila mmoja na yake?" Wakisema kila mmoja, zifunguliwe bili za vinywaji kwa majina, na bili moja ya chakula kwa jina la aliyeagiza, zote zikiwa chini ya meza ile ile. Raundi ikitolewa, vinywaji vyote 6 viandikwe kwenye bili ya aliyeitoa wakati ule ule, na mhudumu amtajie idadi na jumla kabla ya kutuma oda. Kitendo cha kuunganisha bili kitumike kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu katika programu nyingi bili zikishaungana hazitenganishwi tena kwa urahisi.

Lipo jambo la udanganyifu ambalo sina budi kulieleza, nikijua kwamba linaweza kumfundisha mwenye nia mbaya, kwa kuwa ukimya unamlinda yeye na kumwangamiza mwaminifu. Mhudumu anachapa bili ya bia mbili na chipsi kuku, mteja analipa taslimu na kuondoka, lakini bili haifungwi. Baada ya saa moja mteja mwingine wa meza ya jirani naye ametumia bia mbili na chipsi kuku. Oda yake ilipotumwa iliandikwa kwenye bili yake, ila wakati wa kulipa anaonyeshwa karatasi ile ile ya kwanza au nakala yake. Fedha zimeingia mara mbili, bili moja tu itafungwa, na ile nyingine itadaiwa kuwa ni ya mteja aliyekimbia. Dawa yake ni kuweka kanuni mbili ndani ya mfumo. Bili ikishachapwa kwa ajili ya kulipa mfumo uizuie isiongezwe wala kupunguzwa bila meneja, na kila uchapaji wa pili uandikwe kuwa ni nakala, pamoja na saa. Kisha mwisho wa usiku tazama bili zilizochapwa lakini hazikufungwa kwa zaidi ya dakika 20 au 30. Hakuna sababu nyingi njema za bili kukaa hivyo.

Kufuta nako kuna daraja. Kufuta kinywaji kabla oda haijatumwa ni kusahihisha kosa la kidole, na mhudumu aachiwe uhuru huo, la sivyo utamwita meneja mara mia kwa usiku. Kufuta baada ya tiketi kutoka jikoni au kaunta ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa kitu kimeshaandaliwa au kimeshatoka; hapo itakiwe nywila ya meneja na sababu iandikwe: mteja amekataa, chupa imerudi ikiwa haijafunguliwa, samaki ameungua. Ofa nazo ziandikwe kama ofa, kwa jina la aliyeidhinisha. Baa ambayo wewe mwenyewe unasema "mpe huyo bia moja ya kwangu" bila kuandikwa popote haiwezi kuwadai wahudumu wake hesabu kamili.

Wateja wako 9 wa kudumu wanahitaji utaratibu wao wenyewe. Bili iliyo wazi ni ya usiku mmoja. Deni la mwezi ni mkopo, na mkopo haukai kwenye meza. Mfungulie kila mmoja akaunti ya mteja ndani ya mfumo, na kila usiku bili yake ifungwe kwa aina ya malipo inayoitwa "mkopo" au "deni". Mauzo ya siku yatakamilika, bili itafungwa, na kiasi kitahamia kwenye orodha ya wadaiwa ambako kina jina, tarehe na ukomo. Akija kulipa tarehe 30, hayo si mauzo mapya bali ni kupunguza deni, na ukiyarekodi kama mauzo utakuwa umehesabu bia moja mara mbili na kujitwisha kodi isiyokuhusu. Kuhusu ukomo, mimi hushauri uwe kiasi ambacho ukikikosa kabisa hutashindwa kununua kreti za wiki inayofuata. Mtu asiyekubali kusaini deni lake usiku ule ule asipewe mkopo, hata akiwa rafiki wa familia.

Sasa swali lako la pili, la kulazimisha kila mtu alipe kwanza. Lina faida ya kweli: hakuna anayekimbia, hakuna bili ya kuhamisha, na usiku wa mpira wakati watu wamesimama mpaka barabarani huenda ndiyo njia pekee inayowezekana. Gharama yake ni kwamba kila kinywaji kinakuwa safari mbili za mhudumu na chenji mara moja, kwa hiyo unahudumia watu wachache zaidi kwa saa, na mteja anayetoa pochi kila mara huanza kuhesabu mapema. Chakula cha mezani hakiendani nayo vizuri, kwa sababu watu hutarajia kula kisha walipe. Ningekushauri uchanganye: kaunta na bustani usiku wa mpira walipe kwanza, ndani wawe na bili za wazi, na mgeni anayetaka bili ndefu bustanini aweke amana ambayo mfumo utaiandika kwenye bili yake kama malipo ya awali. Kuna na ule utaratibu wa zamani ambapo mhudumu anadaiwa na kaunta kila anachokichukua, kisha anakusanya kwa wateja. Ni mwepesi kwa mwenye baa, lakini unamhamishia mhudumu hatari yote ya biashara huku faida ikibaki kwako, nami siupendekezi.

Malipo ya simu yatazamwe kwa makini, maana hapa kituo cha tatu na cha nne huachana kimya kimya. Mteja akilipa kwa Lipa Namba, uthibitisho ni ujumbe ulioingia kwenye simu ya biashara, kamwe usiwe ule ulio kwenye simu ya mteja, kwa kuwa ujumbe unaweza kughushiwa. Namba ya muamala iandikwe kwenye bili kabla ya kufungwa. Na mhudumu achague aina sahihi ya malipo. Akigusa "taslimu" kwa bili ya simu, jumla ya siku itakuwa sawa lakini droo itaonekana imepungua na simu imezidi, na mtu asiye na kosa ataitwa ofisini. Meneja anapohesabu, ahesabu droo kwanza na kuandika kiasi kabla hajaona mfumo unasema nini. Anayeijua namba mapema huitafuta mpaka aipate.

Nigusie pia risiti. Mashine za EFD, yaani za kielektroniki za kutolea risiti za kodi, zimekuwa zikitumika Tanzania Bara tangu mwaka 2010, na bado ninakuta wahudumu wanaodhani kwamba bili iliyochapwa na mfumo wa mauzo inatosha. Bili humwambia mteja anachodaiwa, risiti ya EFD ndiyo inayothibitisha mauzo mbele ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Itoe pale bili inapolipwa, usiitoe pale mteja anapoomba kuona jumla, kwa sababu risiti ikishatoka haifutiki kwenye kumbukumbu ya mashine, na mteja akiongeza bia moja utajikuta na risiti mbili za bili moja.

Umeme ukikatika, ruta na printa ziwe kwenye betri ya akiba, na kaunta iwe na kitabu cha oda chenye kurasa zenye namba na nakala. Tableti zikiendelea kufanya kazi bila mtandao, watu wawili wasiguse bili moja mpaka mtandao urudi. Mabadiliko yao yakikutana, oda moja inaweza kujirudia au kupotea.

Kwa haya yote huhitaji programu mpya, na sikushauri uinunue kwa sasa, kwani ungeyahamishia mazoea yale yale kwenye kioo kipya. Yapo hata hivyo mambo ambayo barua haiwezi kuyatatua. Kama bili zinapotea zenyewe, au oda inatumwa na tiketi haitoki, au kumbukumbu za kufuta hazionyeshi jina, mwite aliyekufungia mfumo aje hapo mahali usiku wa Ijumaa, akae kaunta aone, kwa kuwa mchana atakuta kila kitu kinafanya kazi. Mambo ya EFD na kodi ya mauzo ya mkopo mpelekee mhasibu wako au ofisi ya TRA ya hapo Morogoro. Suala la makato uliyokwisha kuyafanya lifikishe ofisi ya kazi kwa hiari yako kabla halijafikishwa na mwingine. Na kama baada ya wiki nne kamili za hesabu inayofungwa alfajiri, bili zenye wenyewe na wadaiwa walioorodheshwa, pengo bado lipo na linaangukia zamu ile ile kila mara, tafuta mkaguzi wa nje asiyefahamiana na wafanyakazi, mpe kumbukumbu za bili zilizochapwa bila kufungwa na zilizofutwa baada ya kutumwa, na umsikilize mhudumu husika akiwa na karatasi hizo mbele yake.